Ukuta na Kishindo

Mwezi Gisabo hakuhitaji tofali hata moja ili kuitawala Burundi kwa zaidi ya miaka 50. Makao yake, kama ya wafalme waliomtangulia, yalikuwa rugo: ua wa miti na matete, na ndani yake nyumba za mviringo zilizosukwa kama kapu kwa fito na mianzi, kisha zikaezekwa majani. Huko Gishora, kilomita chache kutoka mji wa Gitega, nyumba ya namna hiyo bado inaonyeshwa kwa wageni karibu na ngoma za kifalme, juu ya kilima ambacho mapokeo yanakihusisha na ushindi wa mfalme huyo dhidi ya chifu Ntibirangwa aliyemwasi. Ilijengwa kwa ajili ya mvua, baridi ya usiku na heshima ya mwenyeji. Baruti haikuwemo katika hesabu za fundi.

Baruti ilikuja na Wajerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, wakapambana na mfalme, na tarehe 6 Juni 1903 wakamfikisha kwenye mkataba wa Kiganda. Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908. Mwaka 1912 wakoloni walihamishia utawala wao Gitega, katikati ya nchi, wakajenga boma.

Boma lilileta Gitega fikra mpya: usalama ni uzito. Ukuta ukiwa mnene, aliye nyuma yake amepona. Kwa risasi, fikra hiyo ilikuwa sahihi. Kwa mlipuko ilikuwa na kasoro ambayo wahandisi wa dunia walichukua sehemu kubwa ya karne ya 20 kuielewa. Nyumba ya fito na majani ingepeperushwa na mlipuko mkubwa bila shaka, lakini isingekuwa na jiwe la kumrushia mtu. Ukuta wa mawe, tofali au zege unalo. Ukishindwa kuhimili, uzito uleule uliomlinda mtu ndio unaomwendea kifuani.

Hata hivyo tofali lilishinda. Wamisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni Muyaga mwaka 1898 na Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899, na makanisa ya matofali yakawa mfano wa jengo la kudumu. Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916 wakarudisha makao makuu Usumbura, lakini waliendeleza ujenzi uleule katika shule, zahanati na ofisi za watawala. Udongo wa mabondeni ulikuwa mwingi, kuni zilikuwepo, na fundi mmoja aliweza kufundisha kumi. Kizazi baada ya kizazi, matofali ya kuchoma na udongo mbichi yakawa ndiyo ukuta wa Burundi, na paa la vigae au bati likakaa juu yake.

Muyinga, kaskazini-mashariki, ilipata ukuta wake kwa njia hiyo hiyo, na barabara ikaongeza vyake. Mji huo, ambao tangu mageuzi ya mikoa ya 2025 uko katika mkoa mpya wa Buhumuza, ni kituo kikubwa cha kwanza cha malori yanayovuka mpaka wa Kabanga na Kobero kutoka Tanzania. Kiswahili kinasikika sokoni kwa sababu hiyo hiyo. Malori hayo hubeba saruji na nondo kutoka upande wa Dar es Salaam, na hubeba pia petroli na dizeli. Vifaa vya ukuta imara zaidi na vitu vinavyoweza kuubomoa hupita katika barabara moja, mara nyingi kwenye msururu mmoja wa malori.

Tarehe 7 Agosti 1998 Afrika Mashariki ilipewa somo ambalo wahandisi wa ulinzi wanalirejea hadi leo. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita. Lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie. Mlinzi alikataa kufungua kizuizi. Washambuliaji wakarusha guruneti, na kishindo hicho cha kwanza kikawavuta wafanyakazi wa majengo ya jirani hadi madirishani kutazama kilichotokea. Kisha bomu kubwa likalipuka.

Watu 213 waliuawa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo, na wapo waliopoteza macho. Jengo la Ufundi, lililokuwa limebanana na ubalozi, liliporomoka lote. Balozi Prudence Bushnell, ambaye alikuwa amewaandikia wakubwa wake mara kadhaa akitaka ubalozi uhamishwe, alijeruhiwa akiwa kwenye mkutano katika jengo la Benki ya Ushirika hapo jirani.

Ubalozi wenyewe haukuanguka. Lilikuwa jengo la ghorofa tano la zege lenye nondo, na mifupa yake ilibaki imesimama karibu bila dosari. Jopo la uchunguzi lililoongozwa na Admeri William Crowe, lililotoa ripoti yake Januari 1999, lilieleza kilichowaua na kuwajeruhi wengi waliokuwamo: vioo vilivyoruka, samani, na kuta za ndani za matofali ya zege. Nguzo zilifanya kazi yake. Kuta zilizojazwa kati ya nguzo, zile ambazo mchoraji wa jengo alizihesabu kama vigawanyo tu vya ofisi, ziligeuka vipande vyenye mwendo wa kuua.

Karibu wakati huo huo, Dar es Salaam, bomu la pili lililipuka umbali wa mita 11 hivi kutoka ukuta wa ubalozi. Watu 11 walikufa na 85 wakajeruhiwa, lakini hakuna aliyeuawa ndani ya jengo. Lori la maji lililokuwa getini lilikuwa limekaa kati ya bomu na ubalozi. Zaidi ya hapo, jengo hilo lilikuwa limetumiwa zamani na ubalozi wa Israel, na lilikuwa na uimara usio wa kawaida. Jopo la Crowe lilisema wazi kwamba watu wale waliokolewa na uimara wa jengo pamoja na bahati.

Tofauti ya Nairobi na Dar es Salaam haieleweki bila kujua mlipuko unafanya nini ukutani. Kilipuzi kikilipuka, hewa inayokizunguka hubanwa kwa ghafla na kusukuma wimbi linalosafiri kwa kasi kuliko sauti. Likigonga ukuta, hewa iliyokuwa ikisonga mbele inakosa pa kwenda, na shinikizo huongezeka mara 2 hadi mara 8 au zaidi ya lile la wimbi lenyewe. Yote hayo hutokea katika milisekunde chache, au makumi ya milisekunde bomu likiwa kubwa. Baadaye huja mvuto wa kurudi nyuma, na ukuta uliokuwa ukisukumwa kuelekea chumbani hujikuta ukivutwa kuelekea barabarani.

Zege linapenda kubanwa. Linachukia kuvutwa: uwezo wake wa kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wa kuhimili mbano. Wimbi la mbano linaloingia upande wa nje wa ukuta hupita ndani yake, hufika uso wa ndani, na hapo, kwa kuwa mbele kuna hewa tupu, hurudi likiwa mvuto. Matokeo yake ni kwamba upande ambao haukuguswa na mlipuko ndio unaobanduka na kurusha mabamba ya zege kwa walio chumbani. Ukuta wa matofali una udhaifu wa ziada: kila mstari wa udongo au saruji kati ya tofali na tofali ni mahali pa kuanzia kuachana.

Kuhusu umbali, kanuni yake ilikwisha kujulikana kabla ya Gitega kuwa na barabara ya lami. Mwingereza Bertram Hopkinson aliieleza mwaka 1915, na Mjerumani Carl Cranz akaifikia mwaka 1926: ukizidisha kilipuzi mara 8, inatosha kuzidisha umbali mara 2 ili ukuta upate shinikizo lilelile. Kwa hiyo mita za kiwanja ni silaha kubwa kuliko unene wa ukuta. Baada ya mashambulizi ya mabomu dhidi ya Wamarekani huko Beirut mwaka 1983, Marekani ilikuwa imeshaweka kipimo cha mita 30 kati ya balozi zake mpya na barabara. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa wa zamani, katikati ya jiji, na mita hizo hazikuwepo. Balozi mpya zilizofunguliwa Nairobi na Dar es Salaam mwaka 2003 zilijengwa kwenye viwanja vipana mbali na msongamano.

Lakini shule, benki, hospitali na kituo cha polisi haviwezi kuhama mjini kila mara. Kwa majengo ya namna hiyo swali lilikuwa jingine: je, ukuta uliokwisha kujengwa unaweza kufundishwa kupinda badala ya kusambaratika?

Jibu lilitoka kwenye maabara zilizokuwa zikitafuta vitu vingine kabisa. Mwaka 1965, Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alikuwa akitafuta uzi mwepesi wa kuimarisha matairi. Alipata kimiminika chenye ukungu ambacho wengine wangekimwaga, na fundi wa mashine ya kusokotea alisita kukiingiza akihofia kitaziba matundu yake. Kwolek alishikilia msimamo. Uzi uliotoka ndio ukawa Kevlar, ule wa fulana za kuzuia risasi. Sambamba na hilo, viwanda vya ndege vilikuwa vikiendeleza nyuzi za kaboni, ambazo nguvu yake ya kuhimili mvuto hupita ile ya nondo mara kadhaa huku uzito wake ukiwa chini ya robo ya uzito wa chuma.

Nyuzi peke yake ni kitambaa tu. Zikiloweshwa katika gundi ya epoksi inayokauka na kuwa ngumu, zinakuwa kile ambacho wahandisi hukiita polima iliyoimarishwa kwa nyuzi: gundi hushikilia nyuzi mahali pake na kugawanya mzigo kati yake, nyuzi hubeba mvuto. Ndicho hasa zege linachokosa.

Daraja la Ibach, karibu na Lucerne nchini Uswisi, lilionyesha jambo hilo hadharani mwaka 1991. Mafundi waliokuwa wakifunga taa za barabarani walitoboa zege na kukata kwa bahati mbaya waya wa chuma uliolishikilia daraja. Timu ya Urs Meier kutoka taasisi ya utafiti ya EMPA iliubandika mkanda wa kaboni chini ya daraja. Kilo 6.2 za kaboni zilifanya kazi ambayo ingehitaji kilo 175 za chuma, na mafundi waliibandika wakiwa kwenye jukwaa la gari, bila kusimamisha jukwaa la miti wala winchi. Miaka minne baadaye, tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliwafanya Wajapani wazungushie nguzo nyingi za barabara na reli shuka za kaboni, ili zege likipasuka ndani lisitawanyike.

Mwaka huo huo, tarehe 19 Aprili, bomu la lori liliua watu 168 katika jengo la serikali huko Oklahoma City. Tarehe 25 Juni 1996 lori jingine lililipuka mbele ya Khobar Towers nchini Saudi Arabia na kuua wanajeshi 19 wa Marekani. Vioo na vipande vya kuta vilikuwa tena katikati ya habari. Watafiti wa jeshi la anga la Marekani katika kambi ya Tyndall, Florida, wakaanza kujenga kuta za matofali ya zege uwanjani na kuzilipua. Miongoni mwa vitu walivyovijaribu ni polima ya kupuliza iliyofanana na ile inayopakwa ndani ya bodi za magari madogo ya mizigo ili zisikwaruzike. Ukuta uliopuliziwa ulipasuka, ukajaa tumbo kuelekea ndani, lakini vipande vyake vilibaki nyuma ya ngozi hiyo. Mtu aliyesimama chumbani angekuwa na hasara ya ukuta, si ya maisha.

Hapo fikra ya boma iligeuka. Lengo halikuwa tena ukuta usioguswa. Lilikuwa ukuta unaokubali kuharibika huku ukikataa kumwagika.

Mtihani mkubwa ulikuja Pentagon, tarehe 11 Septemba 2001. Ndege iliyotekwa iligonga upande wa jengo uliokuwa umetoka kukarabatiwa: fremu za chuma zilikuwa zimefungwa, madirisha ya kuhimili milipuko yamewekwa, na kitambaa kigumu kimetandazwa nyuma ya kuta za nje ili kudaka vipande. Watu 125 waliokuwa ndani ya jengo walipoteza maisha, bila kuhesabu abiria wa ndege. Hata hivyo ghorofa za juu ya tundu zilisimama kwa takriban nusu saa kabla ya kuporomoka, na katika muda huo wengi walitoka. Wachunguzi waliupa ukarabati ule, pamoja na nguzo zenye nondo za mzunguko, sehemu ya sifa hiyo.

Warundi walikutana na somo hili kwa gharama yao wenyewe, mbali na nyumbani. Wanajeshi wa kwanza wa Burundi katika kikosi cha Umoja wa Afrika walifika Mogadishu Desemba 2007. Tarehe 22 Februari 2009 shambulio la kujitoa mhanga liliua 11 kati yao katika kambi yao jijini humo. Tarehe 17 Septemba mwaka huo huo, magari yenye alama za Umoja wa Mataifa yaliingia makao makuu ya kikosi karibu na uwanja wa ndege na kulipuka. Walinda amani 17 waliuawa, 12 wakiwa Warundi, na miongoni mwao Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguza, naibu kamanda wa kikosi kizima.

Mogadishu haikuwa mahali pa kubandika kaboni. Wanajeshi waliishi katika magofu na mahema, na ngome yao ilikuwa udongo: magunia ya mchanga, na makapu makubwa ya waya yaliyotandikwa kitambaa ndani na kujazwa mchanga kwa koleo au kijiko. Makapu hayo yalibuniwa na Jimi Heselden, aliyekuwa mchimba makaa ya mawe huko Leeds, Uingereza, awali kwa ajili ya kuzuia mmomonyoko. Mantiki yake inafanana na ya kitambaa cha Pentagon kuliko inavyoonekana kwa macho. Udongo hutoa uzito, nacho kitambaa na waya huzuia uzito huo usitawanyike. Wanajeshi wa Burundi waliondoka Somalia mwishoni mwa 2024, baada ya miaka 17, na wengi wao wamerudi mikoani kama kule Gitega na Muyinga wakijua jambo hilo bila kufundishwa darasani.

Si lazima mlipuko uwe wa adui. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi huko Mbagala, Dar es Salaam, lililipuka. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Katika kila tukio zaidi ya watu 20 walikufa, maelfu walizikimbia nyumba zao, na mitaa ya matofali ya mchanga na saruji ilibaki na nyufa, mapaa yaliyong'oka na kuta zilizolala. Nyumba hizo zilijengwa kama zinavyojengwa nyumba nyingi za ukanda huu, kuanzia Mbagala hadi Magarama mjini Gitega: tofali juu ya tofali, nondo chache au hakuna, na lipu juu yake.

Udhaifu huo huo hufichuliwa na ardhi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 mkoani Kagera, mkoa wa Tanzania unaopakana na upande wa Muyinga, liliua zaidi ya watu 15 mjini Bukoba na vijiji vya jirani na kubomoa nyumba nyingi za tofali. Tetemeko husukuma ukuta kwa sekunde nyingi, mlipuko kwa sehemu ndogo ya sekunde moja. Lakini kwa ukuta usio na kitu cha kuhimili mvuto, mwisho unafanana. Ndiyo maana utafiti wa matetemeko na ule wa milipuko umekuwa ukikopeshana vifaa tangu Kobe.

Januari 2019 bunge la Burundi lilipitisha sheria ya kuifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa biashara. Mji uliotawaliwa na boma la 1912 ukaanza tena kupokea taasisi za dola. Kwa mhandisi wa ulinzi, mji mkuu unaojengwa upya una fursa ambayo Nairobi ya 1998 haikuwa nayo. Mita 30 kati ya barabara na ukuta wa wizara zinagharimu ardhi tu iwapo zimepangwa kabla ya jirani kujenga. Vizuizi vya magari, maegesho yaliyo mbali na nguzo, madirisha madogo upande wa barabara na nondo zinazounganisha kuta na fremu ya jengo ni mambo ya karatasi na penseli.

Tabaka la nyuzi ni dawa ya majengo yaliyokwisha kusimama, na kazi yake haina haraka. Fundi hubandua lipu hadi zege au tofali lionekane, husaga uso uwe sawa, huziba matundu kwa puti ya epoksi na kufuta vumbi lote. Hupaka tabaka la kwanza la gundi, hutandaza kitambaa cha kioo au kaboni, na kukibana kwa rola hadi gundi ipenye na mapovu ya hewa yatoke. Kisha huja gundi tena, na kitambaa cha pili ikiwa hesabu inataka. Gundi ikishakauka, mkaguzi hupita akigongagonga ukuta mzima kwa nyundo ndogo; mahali panapotoa sauti ya uwazi, kitambaa hakijashika.

Makosa ya kazi hii yanajulikana. La kwanza ni kubandika upande mmoja tu. Kwa kuwa ukuta husukumwa ndani kisha huvutwa nje, kila uso hupata zamu yake ya kuvutwa. La pili, na lililo baya zaidi, ni kusahau kingo. Kitambaa kikiishia kwenye kona bila kufungwa kwenye sakafu na boriti kwa vyuma na boliti, ukuta mzima unaweza kuchomoka kama kipande kimoja na kuingia chumbani ukiwa mzima. La tatu ni kuimarisha ukuta kuliko mifupa ya jengo: mzigo ambao zamani uliishia kwenye tofali lililovunjika sasa unahamia kwenye nguzo, na nguzo isipohesabiwa upya ndiyo itakayoshindwa.

Gitega ina masharti yake pia. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Epoksi haishiki kwenye ukuta wenye unyevu, kwa hiyo Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kazi. Moto ni adui mwingine: gundi nyingi za aina hii huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hadi 80 za Selsiasi, joto ambalo moto wa chumba hulipita mapema sana. Kitambaa hufunikwa kwa lipu maalumu ya kuzuia moto, na jua hukingwa kwa rangi. Kuhusu bei, kaboni ni ghali na haipindi sana kabla ya kukatika. Nyuzi za kioo ni nafuu na hunyumbuka zaidi, sifa ambayo dhidi ya mlipuko mara nyingi ina thamani kuliko ugumu.

Muyinga inatoa swali gumu zaidi, kwa sababu ukuta wake mara nyingi si zege. Mwaka 2012 wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels walikamilisha huko maktaba kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Ilijengwa kwa matofali ya udongo wa hapo hapo yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, kwa mashine za mkono za Terstaram. Paa lilibebwa na miti ya mikaratusi na vigae vya mafundi wa huko. Ndani ulining'inizwa wavu mkubwa wa katani ambamo watoto hulala wakisoma. Na kwa kuwa kuta zilikuwa ndefu, wasanifu waliweka nguzo nene kila baada ya mita 1.30 ili zizishikilie zisilale. Ni hesabu ile ile ya ukuta usiotegemea uzito peke yake.

Epoksi haifai ukuta kama huo. Uso wa udongo hutoa vumbi, gundi hushika vumbi badala ya ukuta, na unyevu uliofungiwa ndani huudhoofisha. Njia iliyojaribiwa kwa kuta za udongo ni nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Peru, nchi ya matetemeko na nyumba za tofali mbichi, walifunga nyavu za plastiki pande zote mbili za ukuta, wakaziunganisha kwa kamba zilizopenya ukuta, kisha wakafunika kwa lipu. Kuta hizo zilipotikiswa kwenye jukwaa la majaribio zilipasuka vipande vingi, lakini vipande vikabaki ndani ya wavu, na nyumba ikabaki imesimama.

Nyuzi zenyewe hazikosekani katika ukanda huu. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, aliyeanza na miche 62 iliyonusurika kati ya 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, na Tanga ikaja kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Katani hunywa maji na huoza katika saruji isipotibiwa, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya kioo au kaboni katika ukuta wa wizara. Katika lipu ya udongo, ambako alkali ya saruji haipo, hudumu zaidi na huzuia nyufa kupanuka. Kwa ukuta wa shule unaotazama barabara ya malori ya Kobero, mpangilio unaoeleweka ni wavu wa plastiki pande zote mbili, kamba za kupenya kila nusu mita hivi, boriti ya mbao au zege juu ya ukuta inayoufunga na paa, na lipu yenye nyuzi juu ya vyote. Haugeuzi darasa kuwa handaki, na lori la petroli likilipuka mlangoni hakuna lipu itakayotosha. Unaongeza uwezekano kwamba kishindo cha mbali kitaacha ukuta wenye nyufa mahali ambapo kingeacha kifusi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na fundi wa lipu, ambaye Muyinga tayari anapatikana.